Nguruzi ya tezi: jinsi ya kung'oa kitoleo cha maji kilichochoka na kufunga kipya

Tundu la kutolea maji ya ngama (yanayokusanyika chini kabisa ndani ya boti), lile lililo chini kabisa kwenye tezi, yaani ukuta wa nyuma wa boti, kwa kawaida huwa na upana wa milimita 25 hivi. Likiwa wazi sentimita 30 chini ya uso wa maji, hupitisha takribani lita 40 kwa dakika, yaani lita 2,400 kwa saa. Pampu ndogo ya ngama inayoonekana kwenye boti nyingi huandikwa kuwa inatoa lita 1,900 hivi kwa saa, na hapo bomba lake liwe fupi na betri iwe imejaa. Hesabu hiyo inatosha kumfanya mtu arudi kukagua nguruzi, kizibo cha tundu hilo, mara ya pili kabla ya kushusha boti majini.

Hata hivyo, boti ninazozikuta zimeharibika tezi hazikuharibiwa na nguruzi iliyosahauliwa. Nguruzi ilikuwepo na imekazwa. Maji yalipita pembeni mwa kitoleo, kile kifaa kinachoishika nguruzi, tone baada ya tone, mwaka baada ya mwaka, yakaingia kwenye mbao. Maana tezi ya boti ya faiba mara nyingi si faiba tupu. Katikati ya matabaka mawili ya faiba kuna plaiwudi, na tezi nzima inaweza kuwa na unene wa sentimita nne au tano, na hapo ndipo injini ya nje inaponing'inia. Anayetoboa tundu la kutolea maji amekata matabaka yote hayo na kuacha ukingo wa plaiwudi wazi, mahali ambapo maji hayakosekani. Kwa hiyo kinachozibwa katika kazi hii ni mbao. Kitoleo chenyewe ni abiria.

Tuelewane kwa maneno kwanza. Kitoleo ni kifaa kizima kilichofungwa kwenye tezi. Kola ni ule uso wake mpana unaolala juu ya faiba. Nguruzi ni kizibo unachofungua na kufunga.

Dalili

Boti ikiwa nchi kavu, inua omo (mbele ya boti), fungua nguruzi na uiache ngama ikauke kabisa. Rudi baada ya siku mbili tatu. Ukikuta ukingo wa kitoleo bado unatoa jasho, hasa jasho la rangi ya chai, ujue maji hayo hayatoki ngamani tena. Yanatoka ndani ya mbao.

Kisha tazama chuma. Brasi ni shaba iliyochanganywa na zinki, na maji ya chumvi huanza kuila zinki. Inayobaki ni shaba yenye vitundu, imegeuka kutoka njano kuwa rangi ya waridi, na ukiikwaruza kwa ncha ya kisu inapukutika. Plastiki ya kawaida huuawa na jua: hupauka, hutoa unga kama chaki, halafu hupasuka kuzunguka skrubu. Skrubu nazo zikizunguka bila kukaza, mbao zilizokuwa zinazishika zimekwisha.

Mwisho, gonga kuzunguka tundu kwa kipini cha bisibisi, ukianzia mbali na kusogea karibu. Tezi nzima hujibu "ko, ko". Iliyooza hujibu "bu, bu", kama kugonga gunia. Sauti ikibadilika sentimita chache tu kutoka kwenye tundu, mwongozo huu unakutosha. Ikiwa imebadilika hadi kwenye bolti za injini, acha. Hapo tezi inahitaji kufunguliwa na kujengwa upya, na kitoleo kipya juu yake kitakuwa ni kupaka rangi mlango wa nyumba iliyobomoka.

Kuchagua kitoleo

Boti nyingi zina mojawapo ya aina mbili. Moja ni bomba jembamba la brasi linalopita tezi nzima, ncha zake zimekunjwa nje kama mdomo wa tarumbeta. Nyingine ni kitoleo cha kola, kinachokaa upande wa nje kwa skrubu mbili au tatu, na nguruzi yake inaingia kwa hesi, ile mifereji ya kuzungusha kama ya skrubu. Ukiwa na uhuru wa kuchagua, chagua ya kola. Bomba la brasi ni rahisi na jembamba, nalo likichoka hukatika ndani ya tezi pasipoonekana.

Kwa sehemu inayokaa ndani ya maji, bronzi (shaba iliyochanganywa na bati) hudumu kuliko brasi. Nailoni iliyotiwa nyuzi za faiba ni nzuri pia, mradi iwe imetengenezwa kwa kazi ya chini ya maji. Skrubu zifanane na kitoleo: bronzi kwa bronzi. Ukitumia chuma kisichoshika kutu, kiwe cha daraja la 316, na skrubu zizame kwenye gundi mwili mzima, kwa sababu chuma hicho kinategemea hewa kujilinda. Kikilowa mahali palipofungwa pasipo na oksijeni, kinaliwa vitundu kimya kimya.

Wenye boti za alumini wana sheria moja isiyo na msamaha: msifunge brasi wala bronzi. Metali hizo zikikutana na alumini ndani ya maji ya chumvi zinakuwa betri, na inayoliwa ni boti yenyewe. Tumieni kitoleo cha plastiki ya baharini.

Nunua kitoleo na nguruzi yake pamoja. Hesi za nguruzi ziko nyingi, nyingine zimenyooka na nyingine zinakonda kuelekea ncha, na mbili zinazofanana kwa macho zinaweza kukataana kwa mkono. Ikiingia mizunguko miwili ikagoma, usiilazimishe kwa spana. Nunua nguruzi mbili. Ya pili ifungwe kwa kamba karibu na ufunguo wa injini.

Kuchagua gundi ya kuzibia

Silikoni usiitumie hapa. Najua ipo katika kila sanduku la zana na inaonekana kuziba vizuri. Niliitumia katika boti yangu ya kwanza, ikashika msimu mmoja, kisha ikaanza kubanduka kama ngozi iliyoungua jua. Tatizo kubwa lilikuja baadaye: mafuta yake yalibaki kwenye faiba, na hakuna gundi nyingine iliyokubali kushika hapo mpaka nilipoukwangua uso wote kwa msasa.

Inayofaa ni gundi ya baharini ya poliyurethani au ya polisulfidi. Poliyurethani zipo za kudumu na zipo za kufunguka. Ya kudumu inashika kiasi kwamba siku ya kung'oa kitoleo unaweza kung'oa na faiba. Kitoleo ni kifaa cha kubadilishwa, basi chukua ile ya nguvu ya wastani ambayo lebo yake inaruhusu matumizi chini ya maji. Polisulfidi ni nzuri kwa bronzi na mbao, ila inaharibu baadhi ya plastiki, hivyo kama kitoleo chako ni cha plastiki soma lebo kabla ya kufungua mrija.

Utahitaji pia epoksi ya sehemu mbili na unga wa silika wa kuifanya nzito, asetoni, msasa wa namba 80, tepu ya karatasi, vitambaa safi, glavu, miwani na barakoa.

Kung'oa cha zamani

Safisha vichwa vya skrubu kwanza. Rangi na chumvi iliyojaa kwenye mfereji wa kichwa ndiyo inayofanya bisibisi iteleze na kuharibu kichwa. Tumia bisibisi inayojaza mfereji wote, ielemee kwa uzito wa mwili, jaribu kukaza kidogo kabla ya kulegeza. Kichwa kikikatika usichimbe kwa hasira. Toboa kichwa kitoke, ondoa kola, kisha shika shina lililobaki kwa koleo.

Kola ikikataa kutoka baada ya skrubu zote kwisha, imeshikwa na gundi. Ipashe kwa hewa ya moto polepole hadi iwe ya moto kuigusa lakini faiba isianze kunuka, kisha pitisha uzi wa mshipi nyuma yake ukiuvuta huku na huku kama msumeno. Patasi weka mbali. Nimeona kola zilizotoka na kipande cha faiba kikubwa kama kiganja.

Bomba la brasi lina namna yake. Saga au kata kwa tupa ule mdomo uliokunjwa upande wa ndani au wa nje, ule unaofikika zaidi, mpaka uishe. Kisha ligonge kutoka upande huo kwa kipande cha mti chenye upana unaokaribia wa bomba. Likigoma, ingiza ubapa wa msumeno wa chuma ndani ya bomba, ukate mstari mmoja kwa urefu bila kuigusa mbao, halafu likunje liingie ndani kwa koleo.

Kukagua na kukausha mbao

Watu wengi hupita hapa haraka, na wengi wao hurudi kufanya kazi hii tena.

Tumbukiza kidole kwenye tundu. Plaiwudi nzima ni ngumu na ina rangi ya mbao. Iliyooza ni nyeusi, laini, na inanuka kama jani lililolowa. Kama huna hakika, toboa kwa biti ya milimita 3 kuanzia ndani ya tundu kuelekea pembeni, ukitazama unga unaotoka. Unga mweupe mkavu ni habari njema. Unga mweusi unaoshikana vidoleni unakuambia uendelee kuchimba.

Ondoa kila kilicho laini kwa patasi nyembamba au ndoano ya waya, hadi ufike kwenye mbao zinazokataa kuchimbika. Usiogope kuwa tundu la ndani limekuwa kubwa kuliko la nje. Epoksi italijaza, na pango hilo litaishika vizuri zaidi.

Sasa kausha. Kuvu wanaoozesha mbao huhitaji unyevu, na mbao ikishuka chini ya asilimia 20 hivi wanasimama. Siku moja ya jua haitoshi. Weka feni ndogo ipulize kwenye tundu, au balbu ya joto kwa umbali salama, na upe kazi hiyo siku kadhaa, wiki ikibidi. Ukikosa kipima unyevu, bandika kipande cha plastiki kinachoona juu ya tundu kwa tepu pande zote usiku kucha. Asubuhi kikiwa na ukungu ndani, bado. Asetoni ukiimwaga ndani haikaushi mbao, inafanya uso tu uonekane mkavu.

Kuifunga mbao kwa epoksi

Kwangu hii ndiyo kazi yenyewe. Gundi ya kuzibia ikija kuzeeka baada ya miaka, maji yakute ukuta wa epoksi badala ya plaiwudi.

Kwa tundu lililo zima, piga msasa ukingo wa ndani, futa vumbi, changanya epoksi kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa (usiongeze kigumishi ukidhani itakauka haraka, itabaki laini) na upake kwa brashi ndogo. Plaiwudi itainywa. Paka tena kabla haijakauka kabisa, na tena, hadi uso ubaki unang'aa bila kunywa. Mara tatu kwa kawaida zinatosha. Fanya vivyo hivyo ndani ya tundu za skrubu ukitumia sindano ya plastiki au kijiti cha meno.

Kwa tundu lililochimbwa, paka kwanza epoksi nyepesi, kisha changanya nyingine na unga wa silika mpaka iwe nzito kama siagi ya karanga isiyodondoka. Ziba upande mmoja kwa ubao uliofunikwa nailoni, jaza pango lote ukisukuma hewa itoke, ziba upande wa pili. Usitumie unga mwepesi wa vipovu vya kioo unaouzwa kwa kulainisha uso. Hauna nguvu ya kushika skrubu. Usijaze pango kubwa kwa mara moja pia. Epoksi nyingi iliyokaa pamoja hujipasha moto yenyewe, na nimeona kikombe cha plastiki kikiyeyuka mkononi mwa mtu aliyekuwa anapiga soga.

Tundu za zamani za skrubu zijaze hivyo hivyo, hata kama kola mpya itatumia sehemu zile zile.

Baada ya saa 24, au kama lebo inavyosema, osha uso kwa maji na sifongo ya kukwangua. Epoksi nyingi huacha utelezi kama nta, na msasa ukipita kabla ya maji unausugua utelezi huo uingie ndani. Kisha toboa tundu jipya katikati ya epoksi. Unachokiona pembeni sasa ni epoksi tupu, hakuna mbao. Kama bado unaona mbao, rudia kupaka.

Mahali pa tundu usipakosee: ukingo wake wa chini uwe sawa na sakafu ya ngama. Likipanda milimita 10 tu, kila mara patabaki kidimbwi kisichotoka.

Kufunga kitoleo cha kola

Kwanza bila gundi. Weka kitoleo, hakikisha kola inalala bapa bila kuyumba, weka alama za skrubu. Toboa tundu ndogo zinazolingana na shina la skrubu bila hesi. Pale biti inapogusa jelkoti, lile tabaka la nje linalong'aa juu ya faiba, anza kwa kuzungusha drili kinyume, kisha upanue mdomo wa tundu kidogo. Jelkoti ni ngumu na kavu kama kauri, na skrubu ikiibana ukingoni inapasuka nyufa za nyota.

Ondoa kitoleo. Kwangua nyuma ya kola kwa msasa, futa kola na faiba kwa asetoni, badilisha kitambaa, futa tena, uache asetoni iruke. Usitumie spiriti karibu na poliyurethani mbichi. Spiriti huizuia isikauke. Weka tepu ya karatasi kuzunguka alama ya kola, ukiacha milimita 2.

Paka nguruzi grisi kwenye hesi uifunge ndani ya kitoleo, ili gundi isijaze hesi. Sasa weka gundi nyuma ya kola: duara moja nene lisilokatika kuzunguka tundu, duara dogo kuzunguka kila tundu la skrubu, na tone ndani ya tundu zenyewe. Paka gundi pia kwenye shina la kitoleo linaloingia kwenye tezi. Usiwe bahili wa gundi. Iliyozidi utaifuta, iliyopungua hutaiona mpaka maji yaione.

Sukuma kitoleo kwa kuzungusha kidogo, tia skrubu, kaza kwa mkono zamu kwa zamu. Gundi ifurike pande zote za kola. Upande usiotoa gundi hauna gundi, na dawa yake ni kutoa kitoleo na kuanza tena. Simama pale kola inapokaa bapa na skrubu zimegusa. Ukikaza kwa nguvu zako zote, gundi yote itatoka na utabaki na chuma juu ya faiba. Wapo mafundi wanaokaza robo mzunguko baada ya gundi kukauka. Mimi sifanyi hivyo, kwa sababu skrubu ikizunguka inavunja ile gundi iliyoishika shingoni.

Futa gundi iliyofurika kwa kidole chenye glavu, bandua tepu ikiwa bado mbichi, kisha ukae mbali. Fungua nguruzi kesho yake, safisha hesi. Poliyurethani hukauka kwa unyevu wa hewa kuanzia nje kuingia ndani, hivyo ngozi kavu usoni si ushahidi wa chochote. Nyingine zinahitaji siku moja, nyingine hadi wiki. Lebo ndiyo inayotawala.

Ukibaki na bomba la brasi

Maandalizi ya tundu ni yale yale. Bomba jipya huja na ncha moja imekunjwa. Lipime ndani ya tundu, weka alama milimita 3 hadi 4 zaidi ya unene wa tezi, kata, na ulainishe ukingo kwa tupa, kwa sababu mkwaruzo mdogo ndio unaoanza ufa. Tia gundi na mpira wa duara chini ya mdomo wa nje, paka gundi mwili wa bomba, ingiza. Ncha ya pili ikunjwe kwa kifaa chake, bolti ndefu yenye koni mbili, ukikaza polepole. Nyundo hukunja upande mmoja na kupasua mwingine. Ukiona ufa wowote kwenye mdomo, ng'oa weka jingine.

Kujaribu kabla ya kushuka

Gundi ikishakauka, funga nguruzi na utie maji ngamani kwa bomba la bustani mpaka yapande juu ya tundu sentimita 15 hivi. Lita moja ni kilo moja: lita 200 ni kilo 200 za ziada juu ya trela, kwa hiyo inua tezi kwa magogo kama vishikio vya trela havifiki huko nyuma. Kausha upande wa nje kabisa, bandika karatasi ya chooni kuzunguka kola, ukanywe chai. Karatasi ikilowa katikati ya kola, nguruzi ndiyo inayovuja: badilisha mpira wake au safisha hesi. Ikilowa ukingoni, gundi ndiyo iliyokosa, na kitoleo kinatoka.

Majini, safari ya kwanza, funua ngama baada ya dakika tano, kisha baada ya nusu saa. Mwisho wa msimu rudia ule mtihani wa siku mbili tatu nchi kavu. Kola ikiwa kavu na hakuna chai inayochuruzika, fungua nguruzi, ipake grisi, itundike kwenye usukani.